Klachi Isiyokata: Namna Kasoro Inavyosomwa Kabla ya Giaboksi Kushushwa

Klachi ya gari la mwendo kasi hutakiwa kutimiza mambo mawili yanayokinzana, kwani ni lazima ishike kwa nguvu ya kutosha kuhimili msukumo wote wa injini, na papo hapo, dereva anapokanyaga pedali, iachie kabisa ili giaboksi ibaki huru kwa muda ule mfupi ambao gia hubadilishwa. Kasoro zake nazo huelekea pande mbili. Klachi inayoteleza huiacha injini ipande mizunguko bila gari kuongeza mwendo kwa kiasi hichohicho, ilhali klachi isiyokata huendelea kuiburuza giaboksi hata pedali ikiwa imefika sakafuni, gia zikawa ngumu kuingia na rivasi ikapiga kelele. Katika gereji nyingi kasoro hizi zote huhukumiwa kwa kauli moja, kwamba klachi imeisha, na giaboksi hushushwa siku hiyohiyo. Hukumu hiyo inastahili kutiliwa shaka, hasa kwa kasoro ya pili, kwa sababu pleti iliyolika huelekea kuteleza kuliko kukataa kuachia, na sababu nyingi za kutokukata ziko nje ya giaboksi, mahali panapofikiwa kwa rula na tochi.

Subaru Impreza WRX STI yenye giaboksi ya gia sita inafaa kuwa mfano wa uchambuzi huu, si kwa umaarufu wake pekee, ingawa jina la Impreza halihitaji utambulisho nchini Kenya, ambako dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa na gari la ukoo huo, bali kwa sababu muundo wake unaonyesha waziwazi mambo ambayo magari mengine huyaficha. Klachi yake ina kipenyo cha milimita 240 na ni ya aina ya kuvuta. Katika klachi za kawaida, rilizi beringi, yaani beringi inayopokea msukumo wa mguu wa dereva, husukuma vidole vya springi ya diaframu kuelekea kwenye injini, lakini katika klachi ya kuvuta beringi hiyo hunasa katikati ya springi na kuivuta kuelekea kwenye giaboksi. Kwa kuwa springi hiyo huegemea ukingo wake wa nje, wenzo wake huwa mrefu zaidi, na presha pleti, lile bamba zito linaloibana klachi pleti dhidi ya flaiwili ya injini, huweza kukaza sana bila pedali kuwa nzito kupita kiasi. Silinda ya chini, inayosogeza uma wa klachi, yaani wenzo unaoisogeza rilizi beringi, imefungwa kwa nje juu ya giaboksi, chini ya kipoza hewa cha turbo, hivyo fundi akishakiondoa kipoza hewa hicho huweza kuutazama uma ukitembea huku mwenzake akikanyaga pedali. Ni neema ambayo magari yenye silinda iliyofichwa ndani ya giaboksi hayana.

Kinachotafutwa hapo ni mwendo, na mwendo huo hupungua kila unapopita kiungo kimoja kwenda kingine. Kwa hesabu ya mfano, ambayo tarakimu zake hutofautiana kati ya gari na gari, pedali inayosafiri milimita 130 na yenye wenzo wa sita kwa moja huisukuma pistoni ya silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta, kwa milimita 21.7 hivi. Ikiwa masta ina kipenyo cha milimita 15.87 na silinda ya chini ina kipenyo cha milimita 19.05, tofauti ya maeneo yake huugeuza mwendo huo kuwa milimita 15 kwenye uma, na wenzo wa uma, tuseme 1.7 kwa moja, huacha milimita 8.8 kwenye rilizi beringi. Springi ya diaframu nayo hugawanya tena, kwa 4.4 hivi, na presha pleti hatimaye huinuka milimita 2 tu. Hata hizo mbili hazibaki zote, kwa sababu kati ya nyuso mbili za klachi pleti mna vibati vyenye mawimbi vinavyolainisha ushikaji, ambavyo hutanuka mara mkazo unapoondoka na kula takribani milimita 0.7. Nafasi halisi inayobaki ni milimita 1.3, ikigawanywa pande mbili za pleti, na ndani ya nafasi hiyo nyembamba kuliko shilingi ndimo giaboksi hupata uhuru wake.

Upungufu mdogo huku juu huwa na maana kubwa kule chini kwa sababu hiyo. Hewa kidogo ndani ya bomba ikipunguza mwendo wa silinda ya chini kutoka milimita 15 hadi 12, yaani moja ya tano, presha pleti itainuka milimita 1.6 badala ya 2, na baada ya vibati kuchukua sehemu yake nafasi itakuwa milimita 0.9, pungufu ya karibu theluthi moja. Pleti iliyopinda kidogo, ambayo jana ilizunguka bila kugusa popote, leo itagusa upande mmoja, na dereva atasema kwamba giaboksi imeharibika.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Injini ikiwa imepata joto na inaunguruma bila kuongezwa mafuta, pedali hukanyagwa hadi mwisho, husubiriwa sekunde kumi hivi ili shafti ya giaboksi ipate nafasi ya kusimama, kisha rivasi huingizwa, kwa kuwa katika magari mengi gia hiyo haina sinkronaiza, yaani bangili zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Ikilia, shafti bado inazungushwa. Injini ikizimwa na gia zote zikaingia kwa ulaini, mashaka huiondokea giaboksi na kubaki kwenye klachi, na endapo kukanyaga pedali mara mbili tatu kwa haraka kunaleta nafuu, mashaka hayo huhamia kwenye mafuta, kwa maana hakuna pleti iliyopinda inayonyooka kwa kupampu. Kinyume chake, pedali inayokata vizuri ikikanyagwa ghafla lakini ikaanza kuburuza gari inaposhikiliwa chini kwenye taa za barabarani huelekeza kwenye rabara za ndani ya masta, ambazo huruhusu mafuta kurudi taratibu bila tone lolote kuonekana nje. Pale ambapo bomba ni la mpira, na si lile lililosukwa kwa waya, fundi anaweza kulibana kwa koleo lenye meno bapa na kukanyaga tena: pedali ikikaza juu, masta ni nzima na kosa liko mbele ya alama ya kubana, ikizidi kuzama, kosa liko nyuma yake.

Mafuta yenyewe hutoa ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa. Klachi ya aina hii hutumia mafuta yaleyale ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, na yale ya kiwango cha DOT 4, yanayotakiwa kuchemka kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 230 yakiwa mapya, yanaruhusiwa kushuka hadi 155 yakishalowa. Karibu na turbo na bomba lake la moshi, tofauti hiyo ndiyo inayoeleza klachi inayokata asubuhi na kukataa baada ya mizunguko michache ya uwanjani, kwa sababu mapovu ya mvuke hubanwa na mguu badala ya kusukuma pistoni. Mafuta meusi yenye vumbi la rabara ni habari nyingine, nayo hutangulia kuvuja.

Mwendo ukipimwa kwenye silinda ya chini na kuonekana umepungua ilhali mafuta ni safi na upepo umetolewa, jicho hurudi ndani ya gari. Wamiliki wa magari haya hupenda kufunga presha pleti zenye mkazo mkubwa, na mengi kati ya yale yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani yakiwa yametumika hufika na klachi ambayo hakuna ajuaye aliyeichagua ni nani na kwa sababu gani. Mkazo huo hurudi kwenye pedali, ukayapinda mabano yake au ukalitikisa bati linalotenganisha injini na abiria, na kila milimita ambayo masta inasogea pamoja na bati hilo ni milimita ambayo pistoni haikusafiri. Mtu akiiangalia masta kutoka upande wa injini huku mwingine akikanyaga ataliona tatizo hili kwa macho, na ni ajabu jinsi linavyosahaulika. Lipo pia jambo la kizuizi kidogo ambacho watengenezaji huweka katika njia ya mafuta ili klachi isishike kwa kishindo. Kipo, kwa mfano, katika baadhi ya Mitsubishi Lancer Evolution, nacho huchelewesha mwendo bila kuupunguza, kwa hiyo dalili yake hujitokeza katika ubadilishaji wa haraka pekee.

Kuteleza hupimwa kwa njia tofauti, na hapa tarakimu za kompyuta ya gari ni shahidi bora kuliko pua ya fundi inayonusa pleti iliyoungua. Katika gia moja uwiano wa mizunguko ya injini na mwendo wa gari haubadiliki. Ikiwa gari katika gia ya nne huenda kilomita 100 kwa saa injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, uwiano ni 36, na endapo mafuta yakikanyagwa yote uwiano unapanda hadi 40, basi katika kila mizunguko kumi ya injini mmoja umepotelea kwenye klachi. Mwendo huo usomwe kutoka kwenye kihisio cha giaboksi, la sivyo matairi yanayoteleza yatasingiziwa kuwa klachi. Baada ya hapo huja swali kama pleti imelika au imezidiwa tu. Uwezo wa klachi ya pleti moja ni zao la nyuso mbili, kiwango cha msuguano, nguvu ya mkazo na wastani wa umbali wa msuguano kutoka katikati. Kwa msuguano wa 0.3, mkazo wa nyutoni 9,000 na umbali wa sentimita 10, hupatikana toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutonimita 540. Injini ya lita 2.5 ya STI iliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya mwaka 2004 ilikuwa na toki ya takribani nyutonimita 407, kiasi ambacho klachi ya namna hiyo hukimudu kwa nafasi. Lakini turbo ikiongezewa presha hadi injini ikafika 550, hata pleti mpya kabisa itateleza, na kuibadilisha kwa nyingine ya aina ileile ni kununua moshi.

Mtetemo wakati wa kushika, ambao wenye Subaru huufahamu hasa asubuhi zenye baridi, unahitaji maneno machache: mafuta yaliyovuja juu ya pleti, flaiwili yenye madoa ya kuungua, au mipira ya injini na difu iliyochoka.

Kuna dalili moja adimu inayostahili subira zaidi. Pedali inayobadilika baada ya kona kali, ikakata juu mara moja na chini mara nyingine, huenda haina ugonjwa wa klachi hata kidogo. Wenye Mitsubishi Eclipse za turbo za miaka ya 1990 walijifunza hivyo kwa hasara, kwani beringi inayoizuia krenki isisogee mbele na nyuma ililika, krenki ikatembea pamoja na flaiwili, na umbali kati ya klachi na uma ukabadilika kila mara. Saa ya kupimia ikiwekwa kwenye puli ya mbele huku pedali ikikanyagwa na kuachiwa huonyesha msogeo huo giaboksi ikiwa bado mahali pake, na msogeo unaozidi robo milimita katika injini ya Subaru huwa umevuka kikomo.

Majibu haya yote yakiwa mkononi, na yakielekeza ndani, ndipo giaboksi hushushwa, na klachi ya kuvuta hapa ina mtego wake. Rilizi beringi ikiwa bado imenasa kwenye springi, injini na giaboksi hazitaachana kwa kuvutwa. Ni lazima kizibo cha pembeni kifunguliwe na shafti ya uma itolewe kwanza, na uma uliopindwa na nyundo za asiyelijua hilo umekuwa chanzo cha klachi isiyokata baada ya kila kitu kufungwa kipya. Kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la uma kitazamwe pia, kwa kuwa vumbi laini la Naivasha halihitaji mwaliko. Kazi ikiisha, mwendo wa silinda ya chini hupimwa upya siku hiyohiyo na kuandikwa pamoja na urefu wa pedali, maana gari likirudi baada ya mwaka mmoja, milimita 15 za siku ya kwanza ndizo zitakazoonyesha ni ngapi zimepotea.