Mugonjwa wetu katika telefone

Siku hizi mutu akilazwa ku lopitali, habari inatembea katika telefone mbele ifike kwa jirani. Picha ni ileile: mukono wenye serumu, kitanda, mama amekaa pembeni na kikapo chake. Chini wameandika: «Tuko ku lopitali, mutukumbuke mu maombi.» Wazee wengi wanahukumu upesi: ni majivuno, watoto wa leo hawana haya. Sisi hatukubali hukumu hiyo yote.

Kwa desturi zetu ugonjwa haukuwa kamwe jambo la mutu mmoja. Kwa Watshokwe, ndugu za mugonjwa ndio walikwenda kwa mwenye ngombo, kile kitunga chenye sanamu ndogo na vitu vingine, ili wajue ugonjwa umetoka wapi. Kwa Wandembu, ndugu zetu wa Kilunda upande wa Zambia, Victor Turner aliona katika miaka ya 1950 dawa ya ihamba. Mugonjwa aliketi katikati ya ukoo na majirani, na kila mwenye neno juu ya mwenzake alilitoa wazi, mbele munganga atoe lile jino la muwindaji aliyekufa. Mbali na hapa, kwa Wakongo wa Bas-Congo, John Janzen alionesha katika kitabu chake cha 1978 kwamba ni jamaa wanaokutana na kuamua mugonjwa apelekwe wapi. Basi anayesema desturi yetu ilikuwa kuficha ugonjwa, haijui vizuri.

Tena kuna makuta. Wakati wa Union Minière, na nyuma wakati wa Gécamines, mufanyakazi na watoto wake walitunzwa na kampuni. Kisenge nayo iliishi kwa kampuni, mpaka vita vya Angola vilipokata njia ya reli ya Benguela mwaka 1975, ile iliyopeleka manganeze yetu Lobito. Mwaka 2003 Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10.000. Leo faktire ni ya jamaa. Katika lopitali nyingi za inchi yetu mutu amepona lakini hatoki, juu hajalipa. Hata mama na mutoto aliyezaliwa jana wanazuiwa. Uzazi wa bure ulianzishwa Kinshasa mwaka 2023, lakini mvulana aliyevunjika muguu hazai.

Ndipo picha inafanya kazi ya ngoma. Inamuita ndugu aliye Kolwezi, Lubumbashi, ao Ndola. Na tuseme ukweli: ni sisi tunaopokea ndio tunaidai. Mutu akiomba bila picha, tunajibu kwa moyo: «Banatudanganya, banatafuta tu makuta.» Tukiona serumu, tunatuma kwa Airtel Money. Picha imekuwa kama risiti ya maumivu.

Lakini ule muzunguko wa zamani ulikuwa na mupaka. Waliokaa ndani yake walijulikana, hata wabaya wao. Na nyumbani kulikuwa na shangazi mulangoni: huyu anamuambia ingia, yule anamuambia «analala». Telefone haina shangazi. Inafikisha mugonjwa kwa mwenye deni, kwa adui, kwa bwana aliyetaka kumuposa binti, na zaidi kwa muko. Mukwe ambaye hathubutu kukaa mukeka moja na mama-muko anamuona sasa amefunuliwa kifua, kinywa wazi, hana akili. Nani alimuuliza yule mama? Mara nyingi alipigwa picha wakati wa usingizi, na pamoja naye mugonjwa wa kitanda cha pili, ambaye jamaa yake haikuomba kitu. Sheria ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya mwenye virusi vya UKIMWI. Lakini picha inayoonesha jina la chumba inasema yote bila neno.

Kitu kingine kinatuumiza. Katika lopitali zetu jamaa ndio wanapika, wanafua, wanachota maji. «Pole, Mungu asaidie» haipiki bukari. Mutu akisha kuiandika, anajiona ametembelea mugonjwa.

Jamaa fulani wameanza njia ingine, na sisi tunaipenda. Wanatuma picha ya faktire, si ya uso, pamoja na jina la mujomba mumoja anayepokea makuta. Kisha anaandika waziwazi nani ametuma na kiasi gani kimebaki. Faktire ina tarehe na muhuri. Hata ndugu mwenye mashaka kule Lubumbashi atasoma hapo anachotaka. Picha ya mama inabaki katika kundi la watoto wake tu, na inapigwa akiwa macho, amejifunika kitenge, amesema ndiyo.