Kazi ya Mahali Patupu

Mwaka wa 1889 wakuu wa Uswisi walitoa azimio juu ya msalaba mweupe wa bendera yao, wakahukumu kwamba mikono yake minne iwe sawasawa, na urefu wa kila mkono uuzidi upana wake kwa sehemu moja ya sita. Na mtu asiyejali vipimo aweza kuidhania hukumu hiyo kuwa ni kazi ya makarani waliokosa shughuli, walakini mimi naiona kuwa ni mlango mzuri wa kuingilia katika ufundi ninaotaka kuusifu, yaani usanifu wa nembo kwa kanuni zilizostawi Zürich na Basel katikati ya karne iliyopita. Utazame vema msalaba ule: ni mahali ambapo wekundu umekoma, na hata kukoma kwake kumepimwa.

Wanaoutaja mtindo wa Kiswisi aghalabu hutaja herufi zisizo na mikia, mistari ya gridi iliyofichwa chini ya ukurasa, rangi chache, na maandishi yanayoanza sawasawa mkono wa kushoto pasipo kulazimishwa kukoma sawasawa mkono wa kulia. Hayo ni kweli, nayo yamekwisha kusemwa sana. Lililonivuta mimi ni somo la Armin Hofmann katika shule ya ufundi ya Basel, ambako mwanafunzi alianza na nukta na mstari tu, akavipanga na kuvipangua, hata akatambua kwamba kila alipoisogeza nukta alikuwa amelibadili pia umbo la uwazi ulioizunguka, na kwamba uwazi huo nao ni mali yake, una uzito, una mwendo, na utamwaibisha asipoutawala. Katika bango lake la mwaka wa 1959 la mchezo wa bale uitwao Giselle, mchezaji amefifia kwa kuzunguka, jina la mchezo limesimama wima kwa herufi nyeupe kando yake, na sehemu kubwa ya karatasi imeachiwa giza. Nalo giza hilo, ambalo mchoraji mwoga angelijaza maua na mapazia, ndilo linalomfanya yule mwanamke azunguke.

Mwaka wa 1957 somo hilo la uwazi lilitiwa katika herufi za risasi. Huko Münchenstein, karibu na Basel, kiwanda cha Haas cha kusubu herufi kilitoa herufi zilizoagizwa na mkuu wake Eduard Hoffmann na kuchorwa na Max Miedinger, ambazo tangu 1960 ulimwengu wazijua kwa jina la Helvetica. Na mwaka ule ule, mjini Paris, Mswisi Adrian Frutiger akatoa Univers, ukoo mzima wa herufi wenye namna 21, nyembamba kwa nene, zilizosimama kwa zilizolala, zote zikitii mizani moja. Katika Helvetica ncha za c na e na s hukatwa mlalo, hata weupe uliomo tumboni mwa herufi ukashikwa barabara, usimwagike nje; na yeyote aliyewahi kupanga neno moja kubwa kwa herufi hizo ajua kwamba jicho lake halikutulia mpaka matundu ya ndani na nafasi za baina ya herufi yalipopatana.

Jambo hili halitamshangaza mtu wa pwani aliyepata kukaa karibu na mwandishi stadi wa khati. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka wa 940, husifiwa kwa kuweka kanuni ya kuzipima herufi za Kiarabu kwa nukta itokayo katika ncha ya kalamu, hata alifu ikawa na kimo chake kinachojulikana na kila herufi nyingine ikapata kadiri yake kwa kulinganishwa nayo. Sidai kwamba mafundi wa Basel walijifunza kwake. Nasema tu kwamba mwenye kujua adabu ya kalamu ile hataona ugeni mkubwa katika chumba cha Hofmann.

Hatimaye msalaba wa bendera ukapanda gari la moshi. Mwaka wa 1972 Hans Hartmann aliichorea reli ya taifa ya Uswisi nembo ambayo mkono wa mlalo wa msalaba umerefushwa pande zote mbili ukaishia katika ncha za mishale, yote nyeupe juu ya wekundu, na kwa kuwa jina la shirika hilo huandikwa kwa vifupisho vitatu, SBB kwa Kijerumani, CFF kwa Kifaransa na FFS kwa Kiitaliano, mtu aelewa mara moja faida ya alama isiyohitaji mkalimani. Baadaye Josef Müller-Brockmann, bingwa wa gridi, pamoja na Peter Spalinger, walitengeneza mwongozo uliotoka mwaka wa 1980 ukitawala maandishi na alama za stesheni, ili jicho la msafiri lisipotezwe na kila bwana stesheni aliyejipendea mapambo yake.

Kanuni hizo zilipovuka bahari zilifika Marekani, na kule zikazaa watoto wa kila tabia. Nembo ambayo Richard Danne na Bruce Blackburn waliichorea NASA mwaka wa 1975 iliziondolea A zake mbili ule mstari wa katikati, ikiamini kwamba jicho litaujaza lenyewe. Ikastaafishwa mwaka wa 1992, ikarejeshwa 2020, nami nilifurahi kama aliyerudishiwa kitu chake. Lakini kilele, kwa hukumu yangu, ni kazi ya Lindon Leader wa kampuni ya Landor, ambaye mwaka wa 1994, akiwa ametakiwa kuipa sura mpya kampuni ya kusafirisha vifurushi ya FedEx, alichukua tabia za Univers ya Frutiger akazioanisha na zile za Futura ya Mjerumani Paul Renner, akazisogeza na kuzichonga herufi, hata uwazi uliobaki baina ya E kubwa na x ndogo ukawa mshale mkamilifu unaoelekea kulia. Mshale huo hakuna kalamu iliyouchora, kwa maana kingo zake zote ni za jirani zake. Lau mkono mmoja wa E ungalishuka kwa unywele, au mguu wa x ungalifupishwa, usingalikuwako. Wako watu waliopokea vifurushi vyenye nembo hiyo kwa miaka mingi pasipo kuuona, na siku walipoonyeshwa hawakuweza tena kutouona. Angalia heshima aliyofanyiwa mtazamaji hapo: hakupigiwa kelele, ameachiwa aokote mwenyewe.

Siku hizi nembo yalazimika kuonekana katika kioo cha simu, ikiwa na ukubwa wa ukucha, na haja hiyo imewarudisha wengi kwa Waswisi, wengine kwa ilimu na wengine kwa haraka. Mwaka wa 2018 nyumba ya mavazi ya Burberry ya Uingereza ilikubali kutoka kwa Peter Saville jina lililoandikwa kwa herufi nene zisizo na mikia, wakati ambapo majumba kadhaa ya namna hiyo yalikuwa yakifanya vivyo hivyo, mpaka mpita njia akashindwa kuyatofautisha; mwaka wa 2023 farasi wao wa zamani na mpanda wake wakarejeshwa. Kosa sioni kuwa lilikuwa la herufi, maana wale wanaoulaumu mtindo wa Kiswisi kwa ukavu huo wamemshitaki shahidi badala ya mshitakiwa. Zilizochukuliwa zilikuwa ni herufi peke yake, zikapangwa mstarini, na uwazi ukaachwa ujitafutie riziki.

Atakaye ushahidi kwamba kazi ni ya uwazi wala si ya herufi, autafute huko Ghuba, ambako FedEx huandika jina lake kwa Kiarabu. Hapo Univers haipo, Futura haipo, wala E wala x, na mwandiko waanzia kulia kuelekea kushoto. Lakini fundi aliyeichora nembo hiyo aliijua kazi aliyokabidhiwa, kwa kuwa baina ya herufi za Kiarabu ameacha uwazi wenye umbo la mshale, nao mshale huo waelekea kushoto.