Ushanga wa Ugenini, Kazi ya Mbulu

Sketi za ngozi za wanawake wa Kiiraqw wa Mbulu, Tanzania, zilizopambwa kwa ushanga wa kioo, zinastahili kuwekwa safu moja na kaure za Arita, Japani. Watakaopinga watasema ushanga ule ulitoka Ulaya, hivyo sanaa yenyewe ni ya kuazima. Lakini wafinyanzi akina Sakaida Kakiemon wa Arita nao, walipoanza kuchoma rangi juu ya kaure katika miaka ya 1640, walitumia ufundi uliotoka China, na hakuna anayeziita kazi zao za Kichina. Zinajulikana kwa ndege, maua ya plamu, na ile nafasi nyeupe iliyoachwa wazi makusudi. Walichoazima ni mbinu. Jicho lilikuwa lao.

Jicho la Mbulu lilinolewa katika marmo, unyago ambamo wasichana walitengwa, wakafundwa na kushona sketi hizo, ushanga ukipangwa kwa mistari na maumbo juu ya ngozi tupu. Marmo yalikoma enzi za ukoloni. Heshima ya sketi za ngozi si ya Mbulu peke yake: kwa jirani zao Wabarbaig wa Hanang, sketi ya ngozi iliyochanwa nyuzinyuzi ni vazi la heshima la mwanamke aliyeolewa. Atakayesema sketi hizi ni nguo tu akumbuke kuwa bakuli la Kakiemon nalo ni chombo cha mezani. Wenye sketi za bibi zao sandukuni wasiziuze kwa mpita njia. Wawaonyeshe mabinti zao jinsi uzi ulivyopita ngozini.