Mpiga Picha Kala Nini? Hadhira ya Butimba na "Man vs. Wild"

Likizo iliyopita, hapa Butimba, tulitazama marudio ya "Man vs. Wild" kwenye kibanda cha video. Mfululizo huo wa Bear Grylls ulianza 2006, na kipindi kimojawapo kilipigwa Kenya. Hadhira iligawanyika. Sisi vijana tulishangilia: jamaa kiboko! Baba, mvuvi wa miaka mingi, akaguna: "Na huyo anayempiga picha, yeye kala nini?"

Watu wakacheka. Mimi naliona swali lile kuwa uhakiki tosha. Mwaka 2007 ilifichuka kwamba usiku mwingine Grylls alilala hotelini, na wengi wakauita mfululizo wote uongo. Siafikiani nao. Fasihi nayo hubuni; nani humlaumu fanani kwa kuwa Sungura anasema?

Kasoro, kwa maoni yangu, imo katika maudhui. Pori linachorwa kama adui asiye na wenyeji, na msuko wote ni shujaa kutafuta njia ya kutoka. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza, taa zikiwaka juu ya maji. Dhoruba anaiogopa, lakini ziwa si adui yake. Ndilo shamba lake. Hadithi ya Grylls huisha akishatoka. Ya baba huanza upya jioni, akirudi.

Hiyo sijawahi kuihakiki, nami nimekula dagaa wake tangu utoto. Je, wenzangu, ninyi mmeihakiki?