Picha Ndogo na Picha Kubwa za Lubaina Himid: Suala la Jina la Kanga

Mchoraji afanyaye kazi kwa vipimo viwili, kimoja cha kushikwa mkononi na kingine cha kufunika ukuta mzima, humwekea mhakiki swali lisiloepukika: ipi ndiyo kazi yenyewe, na ipi ni maandalizi? Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walizoea kuchora kwanza picha ndogo kama rasimu, kisha kuikuza. Katika kazi za Bi. Lubaina Himid mazoea hayo hayatusaidii. Kwake kitu kidogo mara nyingi ndicho kibebacho uzito, na kikubwa hukizunguka kama pindo lizungukavyo mji wa kanga. Nakusudia kuonyesha kwamba mfano huu wa kanga si pambo la maneno tu. Ndio kipimo kifaacho kumpimia, na kwa kipimo hicho pana mahali ashindapo na mahali apungukapo.

Bi. Lubaina alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi minne, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa, akamchukua Uingereza. Akalelewa huko, kwa Kiingereza. Alisomea upambaji wa jukwaa la michezo ya kuigiza huko Wimbledon, akaendelea katika Royal College of Art hadi 1984, na katika miaka hiyo akaandaa maonyesho ya wachoraji wanawake weusi ambao majumba makubwa yalikuwa hayawapi nafasi. Yaliyojulikana zaidi ni The Thin Black Line ya 1985. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alipata Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Haya yatosha juu ya maisha. Kazi zenyewe zina haja zaidi ya kusemwa.

Tuanze na ndogo. Mwaka 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa, alitengeneza Swallow Hard kwa ajili ya mji wa Lancaster, ambao hapo kale ulikuwa bandari ya nne kwa biashara hiyo katika Uingereza. Alinunua vyombo vikuukuu vya mezani, sahani, bakuli, majagi na mabakuli ya mchuzi yenye vifuniko, vikafika 100, akavichora juu. Hakuifuta nakshi ya zamani. Maua ya kiwandani yangali yachungulia pembezoni mwa nyuso za watumishi weusi. Penginepo mabwana na mabibi wa mji huo wanatapika. Ufundi wake hapa ni mkali kwa sababu ya udogo. Ukuta mtu aweza kuupita, lakini sahani ni kitu cha kuinamiwa, na ainamaye amekwisha kuitii picha kabla hajajua yasemwayo. Sukari iliyowatajirisha wenye vyombo vile ililiwa katika vyombo vile vile. Mchoraji hana haja ya kutueleza.

Mwaka 2010, huko Liverpool, alichora kalibu za kugandishia jeli, vyombo vya jikoni visivyozidi ukubwa wa kofia, akaziweka kana kwamba ni mifano ya majengo ya ukumbusho wa watu wenye asili ya Afrika. Miaka 7 baadaye kalibu moja ilijengwa kweli, kwa ukubwa wa banda la watu kuingia, ufukweni Folkestone. Hapo yafaa kusema wazi: banda ni zuri, bali kalibu ni bora. Ilipokuwa ndogo ilimtaka mtazamaji ajenge mwenyewe moyoni mwake mnara ambao mji haukuujenga, na ile aibu ya kutojengwa ilikuwamo ndani ya udogo wenyewe. Ilipojengwa, aibu ikapunguka, pakabaki kivuli cha kupumzikia.

Picha kubwa zinazokaribia kuacha kabisa umbo la kitu, zile ambazo wahakiki wa leo huziita dhahania, ni mfululizo uitwao Zanzibar wa 1999. Alizichora baada ya kurudi Unguja mwaka 1997, mara ya kwanza tangu kuchukuliwa akiwa mchanga. Ni turubai zilizounganishwa jozi jozi: mistari, vimiraba, matone kama mvua au machozi, rangi za vitambaa. Hamna watu. Mtu aweza kuzisoma kama mapambo, na kwa kweli zapendeza macho. Lakini mimi nazisoma kama maombolezo ya mtu asiye na lugha ya kuombolezea. Ana nakshi zote za kanga ila jina hana.

Kanga, kama tujuavyo, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maandishi yale yaliyo chini ya mji. Asili yake, kwa masimulizi ya pwani, ni leso ndogo zilizoshonwa pamoja hata zikawa nguo moja kubwa. Hivyo udogo na ukubwa umo katika kuzaliwa kwake. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Wala wasomaji wake si wa pwani peke yao. Hapa Mugoma, wilayani Ngara, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, mtoto huanza kusema kwa Kihangaza. Mama anunuaye kanga gulioni asoma jina kwa lugha ambayo si ile ya kwanza nyumbani kwake, na hata hivyo ajua jirani yupi litamchoma. Kwa hiyo sikubaliani na yule atakayesema kwamba kanga ikiandikwa kwa lugha nyingine imekwisha kuwa si kanga.

Nasema hivi kwa sababu kanga alizochora Bi. Lubaina na kuzitundika kama bendera katika maonyesho ya BALTIC, Gateshead, mwaka 2018, zina majina ya Kiingereza, mengine yakitokana na waandishi weusi wa Marekani. Pindo ni sahihi, mji ni sahihi, na rangi zimekaa vema. Kasoro yao haiko katika Kiingereza. Jina la kanga ni fumbo lenye mlengwa: lavaliwa na mtu fulani, mbele ya mtu fulani, naye aliyelengwa hawezi kulalamika bila kujitoboa. Maneno ya mshairi mashuhuri yaliyotundikwa ukumbini hayamsuti mtu. Kila aingiaye ayapokea kwa heshima, akaenda zake.

Jina la kanga lililo kamili katika kazi zake limo mahali pasipo na kanga. Katika Naming the Money ya 2004 alisimamisha watu 100 waliokatwa katika mbao na kuchorwa kwa kimo cha binadamu: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wafunza mbwa, watumwa wote katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Mtazamaji hutembea katikati yao kama katika soko. Mgongoni kila mmoja ana karatasi ndogo yenye mistari michache: jina lake, jina aitwalo na mabwana, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi afanyayo sasa, na kile kilichomsalia. Maandishi ni mafupi, yamefumba, tena yana mlengwa, kwa maana hayasomeki ila kwa yule aliyeacha kutazama mavazi ya rangi na kuzunguka nyuma.

Atakayezifasiri karatasi hizo kwa Kiswahili atakwama katika mstari wa kwanza. Sisi mtu akijitaja husema "naitwa", na neno hilo halitofautishi jina alilopewa na mama yake na jina alilobandikwa na aliyemnunua. Mfasiri hana budi kuandika "jina langu" katika mstari wa kwanza na "wananiita" katika wa pili, na lile neno letu la kila siku aliache nje ya karatasi.