Maombolezo au Uchuro? Tiro katika Kitabu cha Ezekieli

Katika kikao cha kuwafariji wafiwa huko Kibugu, Embu, mwandishi wa makala haya aliombwa asome Biblia, akachagua Ezekieli 27 kwa kuwa sura hiyo yaitwa maombolezo. Bibi kizee mmoja akauliza: "Mwanangu, huyo Tiro alikufa lini?"

Hakuwa amekufa. Nebukadreza aliuzingira mji huo miaka 13, kwa masimulizi ya Yosefo, na sura ya 29 yakiri kwamba jeshi lake halikupata ujira. Tiro ulikuja kutekwa na Aleksanda mwaka 332 K.K. Hata hivyo nabii amekwisha kuulilia: merikebu yenye makasia ya mialoni ya Bashani na tanga la kitani cha Misri, inavunjwa na upepo wa mashariki, na mabaharia wanajitia mavumbi vichwani.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo tulishughulika mno na mizani ya kinah (neno lisilo na undugu na kina cha mashairi yetu): mapigo matatu, kisha mawili, mstari ukichechemea. Bibi yule aligusa jambo kubwa zaidi. Kumwombolezea aliye hai ni kumchuria. Neno uchuro, kwa maoni yangu, laufaa utungo huu kuliko maombolezo.

Tazama Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aililia Pate iliyokwisha kuanguka, tena Pate ya watu wake. Machozi yake yana haki ya ukoo. Ezekieli anaazima kilio cha wafiwa ili amzike mgeni angali anapumua.

Visasili navyo vimeazimwa. Katika sura ya 28 mfalme wa Tiro anatupwa kutoka mlima mtakatifu wa Mungu, taswira isiyohitaji maelezo kwa msomaji wa Kibugu aliyelelewa chini ya Kirinyaga. Isaya 14 yamwangusha mfalme wa Babeli aliyetamani kuketi Safoni, mlima ambao mabamba ya Ugarit, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929, yautaja kuwa makao ya Baali. Shahar, aliye mungu wa mapambazuko katika mabamba hayo, amegeuka asubuhi tu katika Biblia ya Union ya 1952. Maana imesalia, kisasili kimetoweka, na pamoja nacho ile kejeli ya kumhukumu mgeni kwa lugha ya miungu ya kigeni.

Nilimweleza bibi yule kwamba Tiro ulikuwa mji, nao ulikuwa ungali umesimama. Akaniuliza kwa nini, basi, niliyasoma hayo mbele ya wafiwa.