Kamera Inayokubali Kubishiwa

Kwenye albamu ya bibi yangu, hapa Turiani, kuna picha ya harusi ya shangazi, 1984. Gauni limetoka vizuri mno. Unaweza kuhesabu maua ya lesi kifuani, na ukuta wa chokaa nyuma yao unaonyesha hadi nyufa. Ila shangazi mwenyewe hayupo. Pale penye uso pana weusi mtupu, meno kidogo, na weupe wa macho. Bwana harusi naye hivyo hivyo. Nyumbani tumezoea kusema picha imeungua, na lawama zote tumempa mpiga picha, ambaye kwa maneno ya bibi “alikuja na harufu ya pombe tangu asubuhi”. Shangazi alishafariki. Ya usichana wake ni hiyo moja tu.

Nilikuwa na picha hiyo kichwani nilipoanza kutafuta kamera ya filamu, zile ndogo za miaka ya 60 na 70 ambazo wapenzi wake huziita renjifainda. Kwa asiyezijua: huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kidirisha cha pembeni, na katikati yake kuna kivuli cha pili cha kile unachokitazama. Unazungusha lenzi mpaka kivuli na mtu wawe kitu kimoja. Hapo ndipo picha itakuwa kali. Uzuri wake ni kwamba kidirisha huonyesha pia vilivyo nje ya fremu, kwa hiyo unamwona mtoto anayekuja kukimbilia ndani ya picha kabla hajafika.

Sasa, kabla ya kununua nilifanya kosa la watu wa vitabu: nilisoma. Tahakiki za kamera hizi ni fasihi kamili, zina mashujaa wake na sifa zinazorudiwa kama vibwagizo. Canonet QL17 G-III, iliyotoka 1972, inaitwa Leica ya maskini, sifa ambayo mimi naiona ni tusi lililovaa suti. Yashica Electro 35, ya 1966, inasifiwa kwa lenzi yake ya f/1.7 na kwa akili yake: wewe chagua tundu la lenzi, kasi ya shata itachaguliwa na kamera yenyewe. Karibu kila mwandishi anasifu ukali wa picha kwenye kona za fremu. Kona! Nimesoma nyingi, na sikukutana na hata mmoja aliyeuliza uso wa nani utakuwa katikati.

Electro nilikutana nayo Madizini, kwa fundi redio, chini ya spika mbili mbovu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hiyo nzima hiyo, binti yangu. Haina betri tu.”

Haina betri tu. Ukiuziwa kamera kuukuu kwa maneno hayo, shika pochi yako vizuri. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, na hizo hazitengenezwi tena. Fundi alipanga nne ndogo za LR44, akazungushia karatasi, akaweka springi juu, zikafika volti 6, na taa zikawaka. Bila betri, Electro inajua kasi moja tu, 1/500, hata ukiwa jikoni usiku. Nilivuta mkono wa kusogeza filamu nikatega sikio, kwa sababu Electro yenye afya hutoa mlio mdogo, “tok”. Ukikosekana, jua kipande cha mpira ndani kimeoza. Nilisikia. Nikafungua mgongo: sponji za kuzuia mwanga zilikuwa zimegeuka lami, jambo la kawaida na linatibika. Kisha nikaielekeza lenzi juani. Kuvu. Nyuzi kama za buibui, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mji huu uko kati ya milima ya Nguru na mashamba ya miwa ya Mtibwa, unyevu hauishi, na kioo kilichofungiwa kwenye mfuko wa ngozi miaka mingi hapa huota kama mkate. Nilishusha bei, nikainunua hivyo hivyo. Nilitaka kuielewa zaidi ya kuitumia.

Na niliielewa. Kijicho cha kupima mwanga kiko mbele ya kamera, juu. Kinatazama mandhari yote kwa pamoja na kufanya hesabu moja: kila kitu kikichanganywa, kiwe kijivu cha wastani. Mpe bi harusi mwenye gauni jeupe, ukuta wa chokaa na jua la saa sita. Mwanga unaomrudia ni mwingi, kwa hiyo anafunga shata haraka. Gauni linasalimika. Mtu mweusi aliyelivaa anazama. Na kamera haikuambii imechagua kasi gani. Ina taa nyekundu ya kusema mwanga umezidi na ya njano ya kusema shata itakuwa ya polepole, basi. Pasipo taa, unajua tu kwamba yenyewe imeridhika.

Siwezi kuapa kwamba yule mpiga picha alikuwa na Electro. Bibi anasema “Yashica”, lakini kwa bibi kila kamera ni Yashica. Wala kosa huenda halikuishia kwenye kamera. Kodak walikuwa wakizipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na mashine ikirekebishwa ili Shirley apendeze, wengine wanapokea kinachobaki. Jibu lingekuwa kwenye negativu. Kama nyuso zimo, basi shangazi alipotelea kwenye kusafisha. Kama hazimo, alipotea pale pale uwanjani, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Negativu hatuna. Wapiga picha walikuwa wanabaki nazo.

Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu upigaji picha, anaifananisha kamera na bunduki. Kwa Kiingereza hoja inateleza vizuri, maana kitenzi ni kile kile cha kufyatua. Sisi tunapiga picha, lakini tunapiga pia pasi, simu na hodi. Huwa naona hodi ndiyo iko karibu zaidi na kilichotokea kwenye baraza letu 1984: mtu aliitwa, akapokelewa, akapewa pilau. Sontag anamtazama aliyeshika kamera na nia yake. Dhuluma ninayoiona kwenye albamu yetu haikuhitaji nia mbaya ya mtu yeyote. Ilikuwa ndani ya kisanduku, imeitwa otomatiki, na imeandikwa kama sifa.

Ndiyo maana nilipokuja kuchagua kamera ya kutumia kweli, kona za fremu sikuziangalia. Nilichukua Olympus 35 RC ya 1970, kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa amechoka nayo. Lenzi yake ni f/2.8 tu, wapenzi wa Electro wataniona mshamba. Lakini ni ndogo, inaingia kwenye mkoba, na bila betri shata inafanya kazi kwa kasi zake zote. Muhimu kuliko hayo: kwenye kidirisha inakuonyesha kasi na tundu la lenzi, vyote viwili. Yaani inasema inachotaka kufanya. Ukikubali, bonyeza. Ukikataa, itoe kwenye A uweke namba yako. Electro nayo unaweza kuibishia, lakini kwa kuidanganya, unazungusha namba ya filamu ili ihesabu vibaya. Kumdanganya mtu na kumbishia ni mambo mawili tofauti.

Filamu ina picha 36, na kusafisha ni mpaka nipate safari ya Dar, kwa hiyo nilianza na lililonileta. Bibi alikaa kibarazani, kivulini, kitenge cha Eid begani, jua kali uwanjani nyuma yake. Niliweka 1/250. Kidirisha kikasema f/11. Nikaitoa kwenye A, nikafungua hadi f/5.6, yaani mwanga mara nne ya kile kamera ilichotaka. Nilipiga tatu, moja nikitetemeka.

Wiki tatu baadaye nilimletea. Alivaa miwani, akaisogeza dirishani, akakaa nayo kimya muda mrefu. Kila kunyanzi kipo, na lile kovu la utotoni juu ya jicho la kushoto ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Nyuma yake, mwembe na banda la kuku vimepotea kwenye weupe.

“Mh,” alisema. “Sasa wewe umeunguza uwanja.”